Kumtambua Mnyoo wa Mchanga Arenicola marina: Kutoka Fundo la Kinyesi hadi Jina la Spishi

Maji yakikupwa kwenye fukwe za kaskazini-magharibi mwa Ulaya, kuanzia Norway kushuka mpaka Ureno, mchanga hubaki umejaa mafundo madogo yaliyojikunja kama tambi. Wengi huyapita wakijua tu kwamba chini kuna minyoo. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujua ni mnyoo gani hasa, ni wa ukoo upi, na ushahidi wake ni nini.

Neno langu kuu ni hili: usianze na rangi wala ukubwa. Anza na kazi ambayo mnyoo huyu anaifanya chini ya mchanga. Karibu kila alama inayomtenga na ndugu zake ina uhusiano na kazi hiyo, na ukishaielewa hutahitaji kukariri orodha ndefu ya sifa.

Wakati wa kwenda na vya kubeba

Nenda wakati wa bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kwa kuwa ndipo maji hukupwa mbali zaidi. Fika mapema, ufuate maji yanavyorudi nyuma, na uanze kuondoka mara yanapogeuka. Kwenye fukwe tambarare maji hujaa kwa kasi, tena hupitia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako. Watu wamezingirwa kwa namna hiyo huku macho yao yakiwa mchangani. Mjulishe mtu wa nchi kavu uko wapi na utarudi saa ngapi.

Beba uma wa kulimia bustani badala ya koleo, kwa sababu koleo hukata minyoo. Ongeza ndoo, bakuli jeupe la kina kifupi, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, rula, daftari na penseli. Ufukwe wowote uwao, uliza kwanza kama kuchimba kunaruhusiwa. Kuna hifadhi nyingi ambako hairuhusiwi, au huruhusiwa kwa kiasi tu.

Hatua ya 1: Soma mchanga kabla ya kuchimba

Tafuta vitu viwili vilivyo karibu: fundo la kinyesi, na kibonyeo, yaani mahali ambapo mchanga umedidimia kwa umbo la duara. Vikiwa viwili, kimoja hapa na kingine umbali usiozidi shibiri hivi, unaangalia ncha mbili za tundu moja lenye umbo la U. Mnyoo amelala kwenye sehemu ya chini ya U hiyo, kwa kawaida sentimita 20 hadi 40 kutoka juu. Mkia unaelekea kwenye fundo na kichwa kinaelekea kwenye kibonyeo.

Hebu tufuate kinachoendelea humo. Mnyoo huusukuma ukuta wa mwili wake kwa mawimbi yanayotoka mkiani kwenda kichwani. Kwa njia hiyo huvuta maji ya bahari kupitia upande wa mkia, yanapita juu ya mwili wake, kisha yanapenya mchanga ulio mbele ya kichwa na kupanda juu. Maji hayo humfanyia kazi mbili. Humletea oksijeni, na huulegeza mchanga wa upande wa kichwa ili uteremke wenyewe kuelekea mdomoni. Mnyoo humeza mchanga huo, akasaga humo bakteria, diatomu (mwani wa seli moja) na mabaki ya viumbe, na mchanga unaobaki hupita mpaka mwisho wa utumbo. Hapo hurudi kinyumenyume, huchomoza ncha ya mkia karibu na uso wa mchanga, na kusukuma nje uzi wa kinyesi. Mnyoo mkubwa anayekula vizuri hufanya hivyo takriban kila dakika 40. Ukiwa na subira, simama karibu na kundi la mafundo bila kukanyaga-kanyaga, na utauona uzi mpya ukijitokeza mbele ya macho yako.

Kwa hiyo kibonyeo ni alama ya kulisha na fundo ni alama ya haja. Andika vyote viwili daftarini, pamoja na namna fundo lilivyojikunja, kabla hujagusa uma.

Kwa nini ninasisitiza hivi? Kwa sababu fundo peke yake halitoshi. Kuna viumbe wengine wanaoacha mafundo yanayofanana na haya. Wa kuangaliwa zaidi ni wale wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Balanoglossus, wanaopatikana zaidi kusini, kama vile Mediterania na pwani ya Ufaransa. Kwa macho wanaonekana minyoo, lakini wako kwenye faila nyingine kabisa, Hemichordata, iliyo karibu na ukoo wa viti vya pweza kuliko wa minyoo ya pingili. Ukimchimba mmoja utakuta mwili laini usio na pingili wala nywele, wenye kichwa cha umbo la tende na ukosi nyuma yake, na aghalabu harufu kali ya dawa. Hapo funga daftari, huyo si wako.

Yuko pia mshindani wa karibu zaidi, naye ndiye anayehitaji jicho kali. Kwa muda mrefu wataalamu wa Uingereza walimhesabu pamoja na A. marina kuwa spishi moja, ingawa wavuvi wa ndoana walikuwa wakitofautisha chambo cha aina mbili: mnyoo laini anayepasuka upesi, na mnyoo mweusi mgumu anayekaa chini zaidi. Wavuvi walikuwa sahihi. Mwaka 1990 P. S. Cadman na A. Nelson-Smith walitoa ushahidi wa kijenetiki kutoka kusini mwa Wales kwamba ni spishi mbili, na mwaka 1993 wakampa yule wa pili jina rasmi, Arenicola defodiens.

Mchangani tofauti zao huanza kuonekana hivi. Fundo la A. marina limejikunja ovyo, uzi ukiangukia popote, na kibonyeo kipo karibu. Fundo la A. defodiens limejizungusha kwa mpangilio, mzunguko juu ya mzunguko, na mara nyingi hakuna kibonyeo, kwa kuwa tundu lake huteremka moja kwa moja kwenda chini, kwa umbo la J. Pia A. defodiens hupenda sehemu ya chini kabisa ya ufukwe na fukwe zinazopigwa na mawimbi, wakati A. marina hutawala katikati ya ufukwe uliotulia. Hata hivyo upepo na maji huvuruga mafundo, na spishi hizi mbili hupakana. Yachukue haya kuwa dalili. Uthibitisho uko mwilini.

Hatua ya 2: Chimba ukiangalia ukuta wa tundu

Chomeka uma pembeni, nje kidogo ya mstari unaounganisha fundo na kibonyeo, uinue pande la mchanga kwa mara moja, kisha ulivunje kwa mikono. Usivute mnyoo kwa mkia. Mkia hukatika, na kipande cha mkia hakina alama yoyote unayoihitaji.

Kabla hujamwangalia mnyoo mwenyewe, angalia pande la mchanga. Sentimita chache chini ya uso, mchanga hugeuka mweusi na kunuka mayai yaliyooza. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, na weusi huo ni chuma kilichoungana na salfa. Katikati ya weusi huo utaona utepe wa rangi ya kutu, unene wa milimita chache, ukifuata njia ya tundu. Ni pale ambapo maji yenye oksijeni aliyoyavuta mnyoo yamepenya na kukigeuza chuma kuwa kutu halisi. Utepe huo wa hudhurungi katika mchanga mweusi ndio unaokuonyesha jinsi mnyoo mmoja anavyobadilisha kemia ya mahali anapoishi. Uguse kwa kidole: ukuta umeshikamana, umepakwa ute, nao haumomonyoki kama mchanga unaouzunguka.

Hidrojeni salfaidi ni sumu kwa wanyama wengi, kwani huzuia seli zisitumie oksijeni. Ndani ya mitokondria zake, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, mnyoo huyu ana uwezo wa kuibadilisha kuwa thaiosalfeti, ambayo haina madhara makubwa. Na maji yakikupwa, tundu likakosa maji mapya, mnyoo huanza kutengeneza nishati bila oksijeni. Anaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu kuliko saa chache ambazo maji hukaa mbali.

Hatua ya 3: Mwoshe na uhesabu

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tulia. Mwoshe mnyoo kwa maji ya bahari ya pale pale (maji matamu humuumiza), umlaze kwenye bakuli jeupe lenye maji kidogo. Vidole vyako vinaweza kubaki na rangi ya manjano kwa siku kadhaa. Ni rangi ya mwili wake, wala haina madhara.

Utaona sehemu tatu. Mbele kuna sehemu nene isiyo na matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini. Katikati kuna sehemu yenye matamvua mekundu pande zote mbili za mgongo. Nyuma kuna mkia mwembamba, laini, usio na nywele wala matamvua, ambao ukiuminya kidogo hutoa mchanga. Mnyoo mzima mwenye afya huwa na urefu wa sentimita 12 hadi 20 hivi.

Sasa chukua lenzi. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuhesabu pete. Ngozi ya mnyoo huyu imezungukwa na mikunjo mingi ya pete, na pingili moja ya katikati ya mwili ina pete tano. Ukihesabu pete utapata namba isiyo na maana. Hesabu vishungi vya nywele. Kila pingili ya sehemu ya mbele na ya kati ina vishungi viwili vya nywele ndefu ngumu, kimoja kila upande, vikichomoza kwenye pete iliyo nene kuliko zenzake. Chini ya kila kishungi kuna mstari ulioinuka wenye safu ya kulabu ndogo sana, ambazo kwa lenzi ya kawaida utaziona kama ukingo unaong'aa tu. Nywele na kulabu ndizo zinazomshikilia mnyoo kwenye ukuta wa tundu anaposukuma maji au anapokimbia hatari.

Anza mbele kabisa, nyuma ya kichwa, na uende kishungi kwa kishungi ukitumia ncha ya penseli. Arenicola marina ana pingili 19 zenye nywele. Sita za kwanza hazina matamvua. Matamvua huanza pingili ya 7 na kuishia ya 19, kwa hiyo ni jozi 13. Namba hizi, 19 na 13, ndizo za kuandika daftarini kwa herufi kubwa.

Kuwa makini na jozi ya kwanza ya matamvua. Mara nyingi ni ndogo kuliko zinazofuata, na matamvua yote yana tabia ya kunywea: yakijaa damu huwa vichaka vyekundu vilivyotanuka, yakinywea hubaki vinundu vya rangi ya waridi iliyofifia. Mwache mnyoo kwenye maji dakika kadhaa bila kumgusa, utayaona yakifunguka na kufumba, jozi moja baada ya nyingine. Hesabu yakiwa yamefunguka, kisha rudia hesabu upande wa pili wa mwili.

Yanapokuwa wazi, angalia matawi yake. Ya A. marina ni mafupi na yametawanyika kama kichaka. Ya A. defodiens yana matawi marefu zaidi yaliyopangika pande mbili za shina, mfano wa unyoya, na chini yameunganishwa na utando. Spishi zote mbili zina pingili 19 na jozi 13, kwa hiyo hesabu haitakusaidia kuwatenga, ila umbo la matamvua litakusaidia. Kwa mtu mwenye maabara, vinasaba humaliza ubishi.

Geukia kichwa. Utashangaa jinsi kilivyo kidogo na kitupu. Hakina macho ya kuonekana, hakina vipapasi, hakina taya. Minyoo wa baharini wanaowinda hubeba vyote hivyo, lakini anayemeza mchanga gizani hana haja navyo. Alicho nacho ni mfuko wa koo unaopinduka nje, wenye vinundu vidogo vinavyonasa mchanga kwa ute. Mguse taratibu karibu na mdomo na huenda akautoa. Mfuko huo huo humsaidia kuchimba: huutoa na kuuingiza mfululizo ili kulegeza mchanga, huvimbisha sehemu ya mbele kwa shinikizo la majimaji ya mwili ili ijikaze tunduni, kisha huvuta mwili uliobaki nyuma.

Kuhusu yasiyofaa kutumiwa kama ushahidi, rangi ndiyo ya kwanza. Wadogo huwa wa waridi au wekundu, wakubwa huwa kahawia, kijani kilichokolea au weusi, na mchanga wanakoishi nao huchangia. Urefu wa mkia pia tuupuuze. Samaki bapa huukwanyua ncha yake mnyoo anapopanda kutoa kinyesi, na pingili za mkia zilizokatwa hazioti tena. Zilizobaki ndizo hurefuka. Mnyoo mmoja anaweza kuumwa mkia mara nyingi na akaendelea kuishi, kwa hiyo wawili wa umri mmoja wanaweza kuwa na mikia tofauti kabisa.

Wekundu wa yale matamvua

Nitasimama kidogo hapa, kwa sababu damu ya mnyoo huyu inastahili. Sisi himoglobini yetu imefungwa ndani ya chembe nyekundu za damu. Yeye hana chembe hizo za kuibeba. Himoglobini yake huelea yenyewe katika damu, nayo ni molekuli kubwa mno, yenye uzito wa takriban daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 3,600,000, dhidi ya kama 64,000 ya binadamu. Molekuli moja yetu hubeba oksijeni nne, moja yake inaweza kubeba 156. Hushika oksijeni kwa nguvu hata pale inapokuwa haba sana, na hilo ndilo linalohitajika katika tundu ambalo maji yake yamesimama.

Mwanabiolojia Franck Zal wa Ufaransa, aliyeichunguza damu hii kwa miaka mingi, alianzisha kampuni ya Hemarina mjini Morlaix mwaka 2007, inayotumia himoglobini ya Arenicola marina katika kuhifadhi figo na viungo vingine vinavyosubiri kupandikizwa. Kwa kuwa himoglobini hii haimo ndani ya chembe, haina makundi ya damu ya kulinganisha.

Hatua ya 4: Mweke kwenye familia na jenasi

Kama umepata mnyoo wa pingili, asiye na vipapasi wala taya, mwenye pete nyingi kwa kila pingili na matamvua ya matawi mgongoni kuanzia katikati ya mwili, uko kwenye familia Arenicolidae, iliyopewa jina na Johnston mwaka 1835. Familia hii ni ndogo, ina jenasi nne tu, na kuzitenga kunawezekana kwa maswali machache.

Je, ni mdogo mno, wa sentimita moja au mbili tu, na matamvua yake ni nyuzi chache sahili? Huyo ni Branchiomaldane. Je, ni mkubwa lakini hana mkia, matamvua yake yanachelewa kuanza na yanaendelea mpaka mwisho wa mwili? Huyo ni Arenicolides, ambaye mara nyingi utamkuta chini ya mawe na kwenye changarawe, si kwenye mchanga mtupu.

Kama mkia upo, umebaki na Arenicola na Abarenicola, na hapa nje ya mwili hapatoi jibu rahisi. Lazima mnyoo aliyekufa apasuliwe. Kwenye umio wa Arenicola kuna jozi moja ya vifuko. Kwenye umio wa Abarenicola kuna jozi moja kubwa na nyingine ndogo kadhaa nyuma yake. Jenasi hii ya pili ilitengwa na G. P. Wells mwaka 1959, na spishi zake nyingi ziko Pasifiki na kusini mwa dunia. Ukiwa kwenye ufukwe wa Bahari ya Kaskazini huna sababu ya kumpasua mnyoo kwa ajili ya swali hili: mahali ulipo pameshajibu.

Ndani ya Arenicola yenyewe hesabu yako ya hatua ya 3 inarudi kutumika. Arenicola cristata, aliyeelezwa na Stimpson mwaka 1856 kutoka Marekani, ana pingili 17 zenye nywele na jozi 11 za matamvua. Ukipata 17 na 11, hesabu upya, na ikibaki vile vile, unaye mwingine.

Mahali pake kwenye ukoo mkubwa

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi alimwita mnyoo huyu Lumbricus marinus, akamweka jenasi moja na nyungunyungu wa bustani, Lumbricus terrestris. Mwaka 1801 Lamarck wa Ufaransa alimtoa humo na kumwanzishia jenasi yake, Arenicola. Ndiyo maana jina kamili huandikwa Arenicola marina (Linnaeus, 1758): mabano yanaonyesha kwamba aliyempa jina la spishi alimweka kwanza kwenye jenasi nyingine. Usiyaache unapoandika lebo, wala usiyaweke kwa A. defodiens, ambaye hakuhamishwa.

Himaya yake ni wanyama, faila ni Annelida, na kwa mpango wa zamani ngeli ni Polychaeta, minyoo wa baharini wenye nywele nyingi. Mpango huo umetikiswa. Uchambuzi wa jeni nyingi uliotoka mwaka 2011 uligawa Annelida wengi katika makundi mawili makuu: Errantia, wanaotembea na kuwinda, na Sedentaria, wanaokaa kwenye matundu na mirija. Arenicola yuko Sedentaria. Wako humo pia nyungunyungu na ruba, waliokuwa wakihesabiwa ngeli ya peke yao. Ndugu wa karibu zaidi wa Arenicolidae ni familia Maldanidae, minyoo wa mirija wenye pingili ndefu kama za mwanzi. Kuhusu oda, ngazi iliyo kati ya ngeli na familia, vitabu havikubaliani na baadhi ya orodha za sasa haziiweki kabisa. Ukijaza fomu inayodai oda, andika unafuata orodha ipi.

Hatua ya 5: Mwangalie akila

Hii si lazima kwa utambuzi, ila naipendekeza kwa moyo wote. Tengeneza tangi jembamba la vioo viwili, nafasi kati yake ikizidi kidogo unene wa mnyoo, ulijaze mchanga wa ufukwe ule ule na uweke maji ya bahari juu, yenye pampu ndogo ya hewa. Liweke mahali pa baridi, chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, ulifunike kwa karatasi nyeusi ambayo utaifunua wakati wa kuangalia tu. Mlaze mnyoo juu ya mchanga. Akiwa mzima atajichimbia mwenyewe.

Akishatulia na kibonyeo kikatokea, nyunyizia humo kijiko cha mchanga wa rangi unaouzwa kwa ajili ya matangi ya samaki, wenye punje ndogo. Rangi itateremka upande wa kichwa, itapotea, kisha itatokea upande wa pili ndani ya fundo jipya. Andika saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Sasa fikiria kazi hiyo ikizidishwa kwa idadi ya minyoo walioko ufukweni. Kwenye Bahari ya Wadden, inayopakana na Uholanzi, Ujerumani na Denmark, minyoo 20 hadi 40 kwa mita ya mraba ni jambo la kawaida. Kwenye kisiwa cha Sylt, watafiti walifukia nyavu mchangani mwaka 2002 ili kuwazuia wasichimbe, na sehemu walizoondolewa zikaanza kukusanya tope laini na kupoteza sifa ya mchanga safi unaopitisha maji.

Ukienda wakati wa vuli

Kuanzia Septemba mpaka Novemba hivi, kulingana na ufukwe, kwa siku chache tu, unaweza kukuta vidimbwi vya majimaji meupe kama maziwa juu ya mchanga. Hizo ni mbegu za madume, zinazotolewa maji yakiwa yamekupwa. Maji yakirudi huzisambaza, na majike, kwa kusukuma maji kama siku zote, huzivuta mpaka tunduni mwao ambako mayai hurutubishwa. Kinachowafanya madume waachie mbegu kimetambuliwa: ni asidi ya mafuta iitwayo asidi ya eikosatrienoiki, inayotengenezwa mwilini mwao.

Viluwiluwi huanza maisha ndani ya tundu la mama, kisha huchukuliwa na maji na kupitisha majira ya baridi kwenye mirija ya ute penye kome au mwani. Baadaye huhamia sehemu ya juu ya ufukwe. Kwa hiyo usichimbe sehemu ya juu kutafuta wakubwa, utavuruga watoto. Na ukiona vile vidimbwi vyeupe, acha uma kabisa, andika tarehe na hali ya maji.

Hatua ya 6: Mrudishe, au mhifadhi ipasavyo

Kwa kawaida mrudishe. Mlaze juu ya mchanga wenye unyevu, karibu na ulikomchimba, na umwangalie mpaka azame, maana sululu na shakwe wanajua kazi yao. Kisha jaza shimo lako. Rundo la mchanga mweusi lililoachwa juu hufunika viumbe wadogo wanaoishi usoni, na shimo lisilojazwa hubaki mtego kwa anayepita baadaye.

Ikiwa kuna sababu ya kweli ya kumhifadhi, mlegeze kwanza kwa mmumunyo wa magnesi kloridi wa asilimia 7 mpaka aache kuitika akiguswa, vinginevyo matamvua yatanywea na hutahesabu chochote. Halafu mtie kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa ajili ya umbo, na ukate kipande kidogo ukihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa, si kubandikwa nje. Iwe na mahali, tarehe, sehemu ya ufukwe, umbo la fundo, kama kibonyeo kilikuwepo, idadi ya pingili zenye nywele, idadi ya jozi za matamvua na umbo la matawi yake, kisha jina, na jina la aliyemtambua.